Chujio la Bi Nawar

Khattab aliisukumia sahani kwenye mashine ya kuoshea vyombo na kila kilichokuwa juu yake: mifupa miwili ya mbuzi, tonge la wali lililogandiana na samli, na tishu aliyojifutia midomo. Akaufunga mlango wa mashine kwa goti, akajinyoosha, akaenda zake sebuleni kulala. Kijana huyo wa Bi Nawar, mwenye nyumba, alikuwa na miaka ishirini na sita na shahada ya uhandisi.

Veneranda alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo, mikono nyuma, akitazama. Mate ya kichefuchefu yalimjaa mdomoni. Zamani, yaani wiki iliyopita tu, angengoja mgongo wa kijana ule upotee, kisha angeifungua mashine, aitoe sahani, aikung'ute kwenye pipa na kuisuuza kabla ya kuirudisha. Sasa hakuruhusiwa. Alikuwa amepigwa marufuku kutia mkono ndani ya mashine ya vyombo, naye marufuku hiyo alikuwa akiishika kama mfungo wa Kwaresima.

Ilianza na kikombe. Katika nyumba ile ya Azaiba, huko Uarabuni, Veneranda, mtumishi kutoka Muleba, alikuwa na sahani yake, bakuli lake, kijiko chake na kikombe chake cha bati cha buluu. Vilikaa chini ya sinki, jirani na dawa ya kudekia, na alivikosha kwa mkono, peke yake, baada ya vyote. "Si kwa ubaya," Bi Nawar alimwambia siku ya kwanza, miaka miwili iliyopita. "Kila mtu na chake. Ndo utaratibu wetu tokea mama'ngu yuko Unguja." Na kusema kweli Bi Nawar hakuwa mtu mbaya. Alimpeleka hospitali jino lilipomvimba, alimruhusu kwenda misa Ruwi kila Ijumaa, na majina ya watoto wawili wa Veneranda aliyajua. Lakini kikombe kilikuwa kikombe, na halikuwa jambo la kujadiliwa.

Basi Jumatatu moja Bi Nawar akaifungua mashine, akakikuta kikombe cha buluu kimekaa rafu ya juu, katikati ya glasi za wageni. Alirudi nyuma kama aliyekuta panya.

"Nani katia hiki?"

"Si mimi, mama."

"Kimetembea chenyewe? Vene, nnakuuliza kwa uzuri."

"Mama, mimi kikombe changu nakijua kinapokaa."

"Basi kuanzia leo usitie mkono wako kwenye mashine hii. Usipange, usitoe, usiguse. Tutafanya wenyewe. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Bi Wadha, mama mkwe wa Bi Nawar, alikuwa amekaa kwenye kiti chake pembeni ya mlango wa jiko, tasbihi mkononi. Alizungusha shanga zake, akatazama dirishani.

Kitu ambacho wenye nyumba hawakukijua ni kwamba mashine ina tumbo. Chini kabisa, chini ya ule mkono unaozunguka ukirusha maji, kuna chujio. Unalizungusha kushoto, unalivuta, linatoka. Kila jioni kwa miaka miwili Veneranda alilivuta na kumwaga kilichokuwamo: wali uliovimba, kokwa za tende, vijiti vya meno, miba ya samaki, tishu zilizogeuka uji, vyote vimefunikwa na mafuta baridi yenye rangi ya maji ya mfereji. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwenye kile kitabu cha michoro kilichokuja na mashine, kwa kuwa michoro haina lugha. Alizuia pumzi, akageuza uso, akafanya. Wenyewe waliamini mashine inakula makombo. "Inasaga yenyewe," Bi Nawar aliwaambia wageni kwa fahari. Inasaga! Mashine ilikuwa Veneranda.

Na hii ilikuwa nyumba safi kuliko zote alizowahi kuingia. Viatu viliachwa mlangoni, nguo zilifukizwa udi, mito ya majlisi ya wageni ilibadilishwa foronya kila siku ya tatu. Lakini watu wale wakifika mbele ya mashine, ustaarabu wao wote uliishia hapo. Khattab aliingiza mifupa. Bi Wadha, mpenzi wa mchuzi wa papa mkavu, aliingiza bakuli lake wima, mchuzi nusu, na kokwa za tende ndani ya finjani. Bi Nawar mwenyewe aliyapindua masufuria juu ya sahani hadi ule mkono wa maji ukakosa pa kuzungukia, kisha akatia kidonge cha sabuni na kubonyeza, basi, kazi imekwisha. Kilichoingia kichafu kilitoka kimepikwa. Veneranda alijiuliza, na hili alijiuliza kwa kinyaa cha kweli, watu hawa wanaogopa nini kwenye kikombe chake.

Siku ya nne alianza kusikia harufu kila mashine ilipofunguliwa. Siku ya saba haikuhitaji tena kufunguliwa. Siku hiyo, akianika mashuka uani, alimsimulia Joy, Mkenya aliyefanya kazi nyumba ya pili, na Joy akacheka hadi akaushika ukuta.

"Wachana nao, dada. Si wamekuambia usiguse? Usiguse. Wacha ioze. Watajua hawajui."

"Na ikioza kabisa?"

"Ni yao, si yako."

Veneranda alicheka naye, na kicheko kile kilimkaa kifuani siku nzima kwa raha. Ndiyo, aliona raha. Alipita karibu na mashine akavuta hewa kidogo, makusudi, kupima uvundo umefika wapi, kisha akajionea aibu, kisha kesho yake akavuta tena. Alisahau kujiuliza swali moja ambalo mtumishi hapaswi kulisahau. Nyumba ikinuka, watu humtazama nani?

Siku ya kumi na moja ilikuwa Ijumaa. Mama yake Afra, binti aliyeposwa na Khattab, alikuwa anakuja baada ya alasiri kuiona nyumba atakayoingia mwanawe, na kwa ajili hiyo Veneranda hakwenda misa. Alikuwa anakata matunda Bi Nawar alipozitoa glasi za sharubati. Bi Nawar aliinyanyua ya kwanza kwenye mwanga, akaona ukungu wa mafuta. Akaipeleka puani.

"Vumba," alisema.

Akachukua ya pili, na ya tatu. Akachukua sahani ya halwa. Kila kitu kilinuka papa, na chini ya papa palikuwa na kitu kingine, kitamu kidogo, kama nyama iliyosahauliwa ndani ya gari.

"Vene! Umetia nini humu?"

"Sijagusa, mama. Siku kumi na moja sijagusa."

"Siku zote vyombo vyangu havinuki. Leo mkwe wangu yuko njiani, ndo vinanuka! Umekitia kile kikombe nyuma ya mgongo wangu. Umenikomoa."

Khattab alitokea mlangoni, pua ndani ya shingo ya dishdasha, kanzu yake mpya. "Mama, huku kunanuka mzoga," alisema. Na hakuitazama mashine. Alimtazama Veneranda, kuanzia miguuni hadi kwenye kitambaa cha kichwa, kama anayetafuta mahali penyewe panapotoa harufu.

"Jumapili asubuhi nnakurudisha maktab," Bi Nawar alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na hiyo ilitisha zaidi. "Na nnawaambia kwa nini."

Maktab ni ile ofisi iliyomleta. Veneranda aliwahi kuliona benchi lake. Mtumishi aliyerudishwa kwa uvivu hupata nyumba nyingine, na hata mwenye mdomo mrefu hupata. Aliyerudishwa kwa uchafu hukaa pale benchini, mabibi wanakuja, wanaambiwa neno moja, wanampita, hadi siku anapopandishwa ndege. Angefika Muleba na neno hilo. Watoto wangelisikia.

Alikiweka kisu chini.

"Mama, chini pale kuna chujio."

"Chujio gani?"

"La mashine. Linajaa. Nilikuwa nalimwaga kila jioni."

"Mashine hii inasaga yenyewe."

"Haisagi, mama."

Bi Nawar aliitazama mashine, kisha Veneranda, kisha saa ya ukutani.

"Haya, litoe nilione."

"Ulinikataza kutia mkono."

"Nnakupa ruhusa. Litoe!"

Ilikuwa kazi ya nusu dakika. Mikono yake iliijua njia hata gizani. Lakini Veneranda hakusogea, na alipozungumza alijishangaa kwa utulivu wake.

"Hapana, mama. Nikilitoa mimi, utasema nililitia mimi."

Khattab alitoa sauti ya kukasirika, akapiga hatua mbele. Mama yake alipoivuta rafu ya chini, uvundo ukanyanyuka ukampiga kijana usoni, naye akarudi alikotoka. Mhandisi huyo. Bi Nawar alivua bangili zake za dhahabu moja moja, akazipanga mezani, akakunja mikono ya gauni na kupiga magoti juu ya marumaru.

"Kushoto, mama," Veneranda alisema. "Zungusha kushoto. Sasa vuta."

Lilitoka kwa sauti ya mguu unaochomoka topeni. Ute wa kijivu ulilifuata, ukanyooka, ukakatikia kwenye kifundo cha mkono wa Bi Nawar. Ndani ya chujio siku kumi na moja zilikuwa zimekaa zimeshikamana, na juu yake kitu kidogo cheupe kilijinyonganyonga. Bi Nawar aliguna, akafumba macho, akayafumbua. Hakulitupa. Labda hakutaka kuamini, labda alitaka kumkamata mtu, lakini aliingiza vidole na kuanza kuchambua, huku mabega yakimpanda kwa kutapika kusikotoka.

"Kokwa za tende," alisema. "Kijiti cha meno. Hizi tishu. Hii... hii ngozi ya papa."

"Mimi papa sili, mama. Tangu nizaliwe."

"Nnajua huli," Bi Nawar alisema, chini sana.

Khattab alikuwa ameshaondoka. Walimsikia akitapika kwenye choo cha wageni, kile kilichofukizwa asubuhi.

Ndipo Bi Wadha alipozungumza kutoka kitini kwake. "Na kile kikombe n'likitia mie. Macho yangu haya. N'lidhani chetu. Hata nlipojua, nkaona haya kusema."

Veneranda aligeuka kumtazama. Kibibi hiki alikivisha soksi kila asubuhi. Alikikata kucha. Siku kumi na moja kilikaa pembeni ya mlango kikijua, kikizungusha shanga, kikila papa wake na kusukumia bakuli ndani. Kinyaa kilichompanda sasa hakikuwa cha tumboni, na hakuna chujio lolote ambamo kingekusanyika ili akakimwage. Alimchukia.

"Sawa, bibi," alisema.

Bi Nawar alisimama kwa kushika ukingo wa meza. Alilibeba chujio hadi nje kwenye pipa, mwenyewe, akarudi, akafungua bomba. Alinawa kwa sabuni ya vyombo. Akakata limau na kulisugua kwenye kucha. Akapaka unga wa kahawa, akanawa, akaanza upya na sabuni. Wakati wote huo alimpa Veneranda mgongo.

"Glasi," alisema hatimaye, na hakumaliza.

"Nizioshe?"

"Zikoshe."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono, Vene."

Kwa hiyo Veneranda alijaza maji ya moto kwenye beseni la pembeni, akaziosha glasi za wageni kwa mikono yake, moja moja, nje na ndani, akazifuta hadi zikalia. Alipomaliza ya sita aliuliza, bila kunyanyua kichwa, "Na Jumapili, mama?"

"Jumapili gani? Hakuna Jumapili."

Alitazamia kwamba maneno hayo yatamfungulia kitu kifuani. Aliyangoja. Kilichokuja kilikuwa ile harufu tu, ingali imening'inia jikoni, pamoja na uchovu, na kichefuchefu chake yeye mwenyewe alipoikumbuka raha aliyokuwa akiivuta puani siku zile. Akachukua glasi ya saba.

Kengele ya mlango ililia. Nje zilisikika sauti za wanawake na kisigino juu ya ngazi. Khattab hakuonekana. Bi Nawar alivaa bangili, akazivua, akazivaa tena. Akavipeleka vidole vyake vyenye hina puani, uso ukamkunjamana, na hapo akamgeukia Veneranda, mikono imenyooshwa mbele, viganja juu, inadondosha maji.

"Hebu nnusie," alisema. "Mie sijui tena. Inanuka?"

Veneranda alijifuta mikono kwenye aproni, akaishika ile ya Bi Nawar. Katika miaka miwili hakuwahi kuishika. Ilikuwa laini na baridi, imekunjamana ncha kwa maji. Akainama. Palikuwa na limau, chini ya limau kahawa, chini ya kahawa sabuni. Chini ya sabuni alikuwapo papa, ametulia, hana haraka.

Neno la kumfurahisha lilikuwepo, jepesi, lilikuwa tayari ulimini.

"Bado, mama," alisema. "Inanuka."

Bi Nawar aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa saa. Akarudi kwenye bomba na kulifungua hadi mwisho. Mlangoni kengele ililia mara ya pili, na ndani ya nyumba hakuna aliyekwenda kufungua.