Pikiniki Juu ya Mafiga

Septemba ikiingia, baridi ya Julai ikishaondoka na mvua ya vuli haijakumbuka njia, Wazungu wa Nairobi hushikwa na ugonjwa wa kutoka nje. Mtu ana nyumba ya mawe Muthaiga, ana meza ndefu inayosuguliwa kwa nta kila asubuhi, ana viti vya kutosha baraza zima la machifu. Jumapili anaviacha vyote, anaendesha gari hadi porini ili akae chini ale mkate baridi pamoja na sisimizi. Hiyo anaiita starehe. Mkikuyu akila kando ya njia hivyo anaitwa mzururaji, na askari anamdai kipande, ile karatasi ya ruhusa ya kutembea.

Wakonyo aliwajua. Alikuwa yaya wa akina Pelham tangu vita vya Hitler viishe, na pua alizozifuta katika nyumba ile hazihesabiki. Jumapili moja ya mwaka wa hamsini na moja alikaa nyuma ya gari, mtoto mapajani, makapu miguuni, akiwa amebanwa na Dalmas, mpishi wao aliyetoka Nyanza. Usukani alikuwa nao Ephantus, kofia ya udereva imemkaa kichwani kama kifuniko cha sufuria. Bwana akikohoa, Ephantus alijibu, "Ndiyo, Bwana."

Walipita Ruiru, wakaiacha barabara kuu, wakafuata njia ya shamba la kahawa hadi mto ulipopinda. Memsahib, mke wa Bwana, akapiga makofi.

"Hapa! Hapa iko mzuri sana!"

Wakonyo akateremka, na miguu yake ikakumbuka kabla ya macho. Mteremko ule. Mkuyu ule ulioinamia maji. Alikuwa msichana wa kuchunga mbuzi siku askari walipokuja kuchoma nyumba za ukoo wake ili kahawa ipate nafasi. Majirani walikimbia na magunia; mama yake alisimama jikoni asijue la kufanya. Kwao mafiga hayang'olewi moto ukiwa bado unawaka, huko ni kujilaani, na askari hawakungoja moto uzime. Akayaacha na moto wake. Hadi siku hiyo, katika chumba chake cha kupanga huko Kamenu, ajuza yule hakuinjika chungu bila kuuliza: "Sijui yale yangu yanampikia nani."

Na ndiyo yale. Matatu, meusi, nyasi zimeyazunguka. Juu ya moja, makalio mapana yakilifunika, Bwana Pelham alikuwa anapaka mkate siagi.

"Nyina wa Kagwe," Ephantus akamnong'oneza, akimwita kwa jina la mwanawe. Ephantus mwenyewe alizaliwa ng'ambo tu ya mto, hakuna asichokijua pale. "Hapa si ndipo kwenu?"

"Ndipo."

"Basi meza mate. Watu wako kwa raha zao."

Wakala, wakanywa, wakapigana picha. Baadaye Memsahib akakwaruza jiwe kwa ukucha. "Hii iko nyeusi sana. Sababu gani?"

Ephantus angesema ni mawe tu, yangekwisha. Lakini kibaraka akionyeshwa meno atatoa hata siri ya jiko la shangazi yake. Ephantus akavua kofia, akajaza kifua hewa.

"Hii mawe ya zamani sana, Memsahib. Watu ya kale walipikia hapa."

"Watu wa kale ni mama yangu," Wakonyo akamwambia Dalmas. "Yuko Kamenu anakoroga uji."

Dalmas akacheka, akamtazama usoni, akaacha kucheka.

Ya kale! Memsahib macho yakamtoka. Alishayaona yamepangwa bustanini kwake, katikati ya mawaridi, wageni wakiinama na glasi zao kuyastaajabia. "Ephantus, weka kwa gari, ya bustani. Yote tatu."

Ephantus akachukua chuma cha kufungulia magurudumu. La kwanza likatoka. La pili likatoka na mizizi. Aliporudi kuchukua la tatu, Wakonyo alikuwa amempa Dalmas mtoto na kulikalia.

"Toka, nyina wa Kagwe."

"Niende wapi? Nimefika kwetu."

"Utatufukuzisha kazi sisi wote."

"Wewe? Mbwa anayebweka kwa adabu namna hiyo atafukuzwa na nani?"

Memsahib akaja na mwavuli wake. "Yaya! Wewe nafanya nini? Simama!"

"Hili ni la mama yangu, Memsahib. Tulikuwa tunakaa hapa."

Memsahib akageuka. "Ephantus? Iko kweli?"

Neno moja tu lilitakiwa. Wakonyo akamtazama yule mwana wa ng'ambo ya mto, aliyekula viazi vya jiko lile utotoni. Ephantus akaangalia viatu vyake, vilikuwa vimeng'arishwa vizuri.

"Yaya nasema uongo, Memsahib."

Bwana Pelham akapiga miayo. "Jiwe ni jiwe. Taka jiwe, chukua jiwe. Lakini kazi kwisha. Chai iko wapi?"

Akadhani amemtisha. Wakonyo akapiga magoti, akalitikisa lile jiwe hadi ardhi ikaliachia.

"Mama, moja utafanyia nini?" Dalmas akauliza polepole. "Figa moja haliinjiki chungu."

"Na hayo mawili yao je?"

Dalmas akajifanya anakunja blanketi la pikiniki, akamsukumia ukanda wa ngozi uliokuwa umelifunga. Wakonyo akalifunga jiwe, akautia ukanda kwenye paji la uso, kama mtu anayetoka kuokota kuni. Mtoto akamlilia, "Yaya! Yaya!" Hilo lilimchoma. Hakugeuka.

Alifika Kamenu jua likizama, shingo imekuwa gogo. Mama yake alikuwa anapikia juu ya matofali mawili na kopo la mafuta lililojazwa udongo. Wakonyo akautua mzigo. Ajuza akalipapasa jiwe pande zote, hadi kidole chake kikaingia kwenye ufa mmoja mdogo, kikakaa humo.

"Mengine?"

"Yako Nairobi, maitu. Kwa yule Mzungu wangu. Ni ya kupambia maua."

"Ya kupambia maua!" Ajuza akatema mate majivuni. "Wana chakula wakakosa jiko, au wana jiko wakakosa akili?"

Akalipiga teke lile kopo, likabingirika hadi mlangoni. Akaliweka figa lake mahali pake, upande mweusi ukielekea motoni, akainama, akapuliza makaa mpaka yakashika. Halafu akajifuta machozi ya moshi na kukaa sawasawa.

"Sasa niambie hiyo nyumba yaliko mengine. Ukitoka barabarani, iko mkono gani?"

Wakonyo akavuta kigoda, akaanza kumweleza, kuanzia langoni.