Maji ya Ndege Juu ya Marumaru

"Mungu akubariki, binti yangu," Mwenyekiti aliniambia, mkono wake begani pangu. "Hata wanangu hawamkumbuki bibi yao hivi."

Nikaitikia amina. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye kaburi la mama yake, nikiweka bakuli la maji na vipande vya papai juu ya marumaru nyeupe. Alidhani ninamheshimu marehemu. Kumbe nilikuwa nafuga ndege.

Watu husema nina roho ngumu. Ni kweli, na sijaitafutia dawa.

Mama yangu ndiye aliyekuwa akifyeka makaburi ya nyuma ya kanisa, mpaka magoti yalipomkatalia. Hakufyeka yote kwa mpigo. Alikwenda kiraka kwa kiraka, akingoja nyasi zidondoshe mbegu kwanza. "Wewe ungependa ukatwe kabla hujazaa?" aliwauliza waliomwita mvivu. Palipokuwa na kiota alifunga kitambaa kwenye kijiti, na hapo panga halikupita. Ndiyo maana palikuwa na chozi, ndege wadogo wanyonya maua, na vinyonga, nyuki kwenye ukuta wa mawe, na kalunguyeye aliyelea watoto chini ya msalaba wa padri wa zamani. Waumini walikuja kusali, wakabaki kushangaa.

Wenye nazo walizikwa mbele, chini ya saruji na marumaru. Sisi makabwela tulizikwa nyuma. Msalaba wa mti mchwa huula upesi, basi kila familia ilipanda kitu chake. Ukiuliza kaburi la fulani, utaambiwa yule wa mrehani, au yule wa asumini. Mama alipofariki nilimpandia mshubiri. Ulipotoa maua, chozi wakaja kunyonya, nami kila mchana nikafunga kibanda changu cha cherehani, kinachotazamana na lango la kanisa, nikaenda kukaa naye. Nilimpa umbea wote wa mtaa. Alikuwa akiupenda sana alipokuwa hai.

Kisha ikaja habari kwamba askofu atatutembelea. Mwenyekiti wa kamati ya kanisa, muuza saruji mwenye sauti nene, akasema makaburi yanatia aibu.

Wakati huo nilikuwa kwa dada yangu, amejifungua. Niliporudi nilinusa dawa kabla sijafika langoni. Walikuwa wamenyunyiza sumu ya magugu upande wote wa nyuma, kisha wakaleta trekta likasawazisha matuta, wakamwaga kokoto juu. Hapakuwa na mrehani wala asumini. Chozi mmoja alikuwa amelala chini ya ukuta, miguu juu. Nilizunguka kwenye zile kokoto kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilihesabu hatua kutoka ukutani, nikarudia, nikakosea, nikarudia tena. Mama yangu alikuwa hapo chini, na sikujua nisimame wapi.

Nilimkuta Mwenyekiti na wazee wenzake kwenye ngazi za kanisa.

"Mama yangu yuko wapi?"

"Eh, binti, tulia," akasema. "Pale palikuwa panafuga nyoka. Maiti ana haja gani na magugu? Askofu mwenyewe alipita juzi, akapasifu."

Wazee wakacheka, si kwa ubaya, kicheko cha watu walioshiba tu. Nilitamani kumrukia shingoni. Badala yake nilisema asante, nikarudi kibandani, nikashona kanzu za kwaya.

Ng'ambo ya ukuta wa kanisa kuna mtini mwitu mkubwa. Ndege shore hula tini zake, kisha huacha mbegu kokote wanakotua. Mama aliing'oa miche ya mtini ukutani ingali na majani mawili. "Huyu ni mgeni," alisema. "Ukimkaribisha, kesho nyumba ni yake." Basi nikalitazama kaburi la mama yake Mwenyekiti, refu, jeupe, lina ufa mwembamba pale mawe yalipoungana. Sikupanda hata mbegu moja. Niliweka maji, nikaweka papai, ndege wakala, wakanywa, wakajisaidia. Ndege hashtakiwi.

Mche ulipochomoza nilikaribia kupiga vigelegele. Niliumwagilia wakati wa kiangazi, nikaufunika na kitambaa changu jua lilipozidi. Mwenyekiti alipouona alifurahi. "Kivuli cha mama," akawaambia watu, akakataza usiguswe. Usiku nililala usingizi mtamu, nasema wazi. Chuki ikitunzwa vizuri hunenepa kama mbuzi wa nyumbani.

Miaka ikaenda. Nywele zangu zikaota mvi. Mizizi ilishuka pande zote mbili za kaburi, ikalikumbatia, ikabana. Asubuhi moja marumaru ikapasuka katikati ya jina la bibi yule. Niliuona ufa nikiwa mlangoni kwangu, nikauma uzi nisicheke kwa sauti.

Mwenyekiti alikuja kibandani akijikongoja na mkongojo. Nilimwamkia shikamoo, nikampa kiti.

"Binti yangu, wewe una mkono wa mimea," akasema. "Mafundi wangu wanauogopa ule mti. Wanasema wakiung'oa, kaburi zima litafumuka. Nitolee taratibu."

"Mti una viota, Mwenyekiti. Penye kiota panga halipiti."

"Mama yangu yumo humo ndani!"

"Heri yako. Wewe unajua alimo."

Macho yake yalitoka kwangu yakaenda kwenye bakuli lililokuwa dirishani, yakarudi kwangu.

"Kwa hiyo yale maji," akasema, "siku zote hizo..."

"Yalikuwa ya ndege."

Aliinuka bila kuniaga. Sikumsindikiza.

Alifariki kabla mwaka haujageuka. Aliusia alazwe ubavuni mwa mama yake, lakini wachimbaji walipoanza, kila jembe liligonga mzizi. Walijaribu kulia, wakajaribu kushoto, wapi. Mbele kote kulikuwa kumejaa. Wazee wa kamati wakanong'onezana, kisha wakaelekea nyuma, wakaanza kuziondoa kokoto.

Nilitupa kitambaa nilichokuwa nakishona, nikavuka barabara mbio. Nikawauliza kwa nini hapo, kwa nini wasisogee. Wakaniambia hapo au pale ni mamoja, hakuna alama. Hilo sikulipanga. Miaka yote ile nilipokuwa nikiinywesha mizizi ile, sikuwaza hata mara moja itamsukuma Mwenyekiti aende wapi.

Nilisimama ukingoni mwa shimo mpaka walipomaliza. Niliangalia kila koleo la udongo lililopanda, nikitafuta pindo la sanda, mfupa, chochote. Udongo ulikuwa mwekundu mtupu. Walipomshusha, niliketi chini nikalia kwa sauti.

Mkewe alikuja akanishika mabega. "Pole, mwanangu," akasema. "Alikuwa akikupenda sana."