Bipu ya Saa Mbili na Nusu

Siku ya tano ya kuchelewa, Fundi Saa alipobipu saa mbili na dakika arobaini na moja, niliweka kalamu chini nikajua kuna jambo.

Wengine watasema dakika kumi na moja ni nini. Hao hawamjui Fundi Saa. Huyu ametengeneza saa za watu miaka arobaini na mbili. Ukimwambia mkutane saa kumi, anakuuliza, "Kwa saa ya nani?" Tangu tuanze mpango wetu wa bipu, yeye alikuwa anabipu saa mbili na nusu asubuhi, kamili, bila kuzidi hata dakika. Saa yangu ya ukutani nilikuwa nairekebisha kwa bipu yake, ingawa nisingemwambia hilo hata kwa dawa.

Mpango wenyewe ulikuwa wangu. Kabla ya gonjwa hili la kikohozi kuingia tulikuwa wazee watano tuliokutana kila alasiri kwenye benchi mbele ya duka la Bi Cherehani, tukicheza karata na kusengenya: Bi Cherehani mwenyewe, Mwalimu, Konda, Fundi Saa, na mimi ninayeitwa Opereta kwa sababu nilikaa miaka thelathini na moja kwenye ubao wa simu nikiunganisha watu. Ilipotangazwa kwamba wazee wakae ndani, niliona tutakufa mmoja mmoja bila wenzetu kujua. Nikawapigia wote, nikawapa kanuni. Kila asubuhi kila mtu ananibipu, nami namrudishia. Simu ikiita mara mbili ukakata, wewe ni mzima. Ikiita mara tatu, una shida, nikupigie. Ikiita mara moja tu, maana yake ni "umekosea, rudia." Nikafungua daftari, nikawa naandika majina na dakika, kama kazini.

Konda alitusumbua. Maisha yake yote alihesabu abiria, lakini milio miwili inamshinda, anakata katikati ya wa tatu. Fundi Saa hakuwahi kukosea. Mara moja nilimrudishia milio mitatu kwa kuteleza kidole, na kabla sijaweka simu mezani akanipigia mmoja: umekosea, rudia. Nilirudia huku nimenuna.

Maana tulikuwa hatuongei, mimi na yeye. Alasiri ya mwisho kwenye lile benchi alikohoa kwenye kiganja, kisha kwa kiganja kilekile akaanza kugawa karata. Mimi nina sukari, na wiki nzima redio ilikuwa inatutisha. Nikasimama nikamwambia mbele ya watu wote, "Unatuletea maradhi hapa? Nenda kafie kwako!" Alikusanya karata zake moja moja, maana zilikuwa zake, akaziweka mfukoni akaondoka. Kesho yake tukafungiwa. Siku arobaini na sita zilipita, na kilichobaki kati yetu kilikuwa milio miwili kwenda, milio miwili kurudi. Kila asubuhi nilijiambia kesho nitampigia nimwombe radhi. Ulimi wangu ni mwepesi kutukana, kuomba radhi hauwezi.

Sasa nikaangalia daftari. Jumatatu, saa mbili na dakika thelathini na nane. Jumanne, arobaini na nne. Jumatano na Alhamisi hivyo hivyo. Nikampigia. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Ujumbe hasomi, macho yake yameishia kwenye saa za watu. Nikampigia Mwalimu.

"Opereta," akasema, "mtu amebipu, amebipu. Ulitaka akupulizie tarumbeta?"

"Amechelewa siku tano mfululizo."

"Amestaafu! Na wewe umestaafu. Kunywa chai."

Sikunywa chai. Nilichukua simu nikampigia Fundi Saa mlio mmoja tu, nikakata. Umekosea, rudia. Nikaiweka simu mezani nikakaa nikiikodolea macho. Fundi Saa ninayemjua hawezi kuambiwa amekosea akanyamaza. Angerudia, tena kwa hasira. Dakika tano zikapita. Nikapiga mmoja mwingine. Kumi zikapita. Kimya.

Hapo nikalifunga daftari. Kitu cha kwanza nilichofundishwa kwenye ubao wa simu ni kwamba laini kuwa nzima hakumaanishi kwamba mtu wa upande wa pili ni mzima. Nilikuwa nimekisahau. Siku tano nimeandika "mzima, mzima, mzima" kwenye daftari langu safi, kumbe naandika kidole cha mtu nisiyemjua.

Nikavaa viatu. Mkwe wangu alinikuta mlangoni. Mwanangu anauza dawa kwenye famasi, anaona wanaoingia wakikohoa, na kila asubuhi kabla ya kutoka anafunga geti na kumwachia mkewe ufunguo. Mimi nimewekwa ndani kama mtungi wa gesi.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwa Fundi Saa. Nipe ufunguo."

"Mama, jamani. Juzi tu sukari ilikuwa juu. Mume wangu akirudi nitamwambia nini?"

"Mwambie mama yake ametoka na akili zake zote."

"Si amebipu leo? Nimesikia mwenyewe."

"Si yeye aliyebipu."

Akaniangalia kama mtu anayejiuliza kama uzee umeshafika kichwani. Nikataka kumfokea. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, na yalikuwa mabaya. Nikayameza, maana nilikumbuka ya mwisho niliyoyatoa yaliniletea nini. "Mwanangu," nikasema, "nilimwambia akafie kwake. Kama amekufa, hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia kwangu. Nipe ufunguo."

Akatoa ufunguo kwenye mfuko wa aproni, na barakoa mbili. "Vaa zote. Usimguse mtu. Uishie dirishani, Mama. Ukiingia ndani nakufuata."

Ni mwendo wa dakika kumi na tano, mimi nilitumia karibu nusu saa. Barakoa mbili zilinibana pumzi, miwani ikajaa ukungu, nikawa natembea kwa kukisia. Maduka yalikuwa yamefungwa nusu. Pale kwa Bi Cherehani benchi letu lilikuwa limegeuzwa juu chini ili watu wasikae. Sikusimama. Njia nzima nilikuwa nasema kimoyomoyo, asiwe amekufa, asiwe amekufa, na papo hapo nikijibiwa na akili yangu mwenyewe kwamba ni wewe uliyemwambia.

Fundi Saa anaishi na mpwa wake kwenye nyumba ya chini, na dirisha la chumba chake cha kazi linaangalia barabara. Nikaweka uso kwenye nondo. Saa zake zilikuwa ukutani na kwenye rafu, labda thelathini, zile za kutia ufunguo anazozitia mwenyewe kila siku kabla ya kunawa uso. Zote zilikuwa zimesimama, kila moja na wakati wake. Hakuna hata moja iliyokuwa inagonga. Nikashika nondo nisianguke.

"Hodi!" nikaita. "Hodi humu ndani!"

Mpwa akatokea, kitambaa kichwani, mtoto mgongoni. Mkononi alikuwa na simu ya Fundi Saa, ninaijua, imefungwa mpira kwa nyuma betri isidondoke. Aliponiona akaificha nyuma ya kanga.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mjomba wako yuko wapi?"

Akaanza kulia. "Alisema nisikwambie."

"Yu hai?"

"Yu hai. Yuko hospitali tangu Jumapili, kwenye oksijeni. Jana walisema hali haijatulia."

Nilishusha pumzi, halafu hasira ikanipanda. "Na wewe unanibipu mimi kila asubuhi kunidanganya?"

"Ni yeye, Mama! Walipokuja kumchukua alinipa simu. Alisema, 'Mbipu Opereta kila siku saa mbili na nusu, milio miwili. Ukikosa atakuja hapa mwenyewe, namjua, na ile sukari yake haya maradhi yatammaliza.' Mimi saa hizo namwogesha mtoto, nachelewa. Na leo ulipopiga mlio mmoja sikujua maana yake. Nisamehe."

"Kwa hiyo amelazwa bila simu?"

"Nilimwambia aende nayo. Alisema, ya nini, hakuna anayempigia."

Siku zote hizo mtu huyu alikuwa amengoja nimpigie. Kisha alipougua, akaiacha simu yake ili mimi nikae salama nimenuna nyumbani.

Mpwa alikuwa na namba ya simu ya wodi kwenye kipande cha karatasi. Alinisomea, nikapiga papo hapo. Akapokea muuguzi, sauti imechoka. Akasema mgonjwa haongei, amevaa mashine, na hawaruhusu.

Nikatoa sauti yangu ya zamani, ile ya kazini, laini na isiyokubali hapana. "Mwanangu, miaka thelathini na moja nimeunganisha watu na wagonjwa wao. Sihitaji anijibu. Weka tu simu sikioni kwake, dakika moja. Tafadhali."

Nikasikia viatu, mlango, kisha ile mashine ikivuta na kutoa hewa.

"Tayari, mama. Anakusikia."

"Fundi," nikasema. "Ni mimi, Opereta. Lile neno la kwenye benchi nalifuta. Nisamehe. Haya."

Mashine ikavuta, ikatoa. Kisha nikasikia ukucha ukigonga simu. Ngo.

Nikangoja wa pili. Haukuja. Mpwa alikuwa amening'inia kwenye nondo, ananiangalia mdomo. Nikadhani ameshindwa hata kugonga mara mbili.

"Mama," muuguzi akasema, "ameinua kidole kimoja, anakitikisa. Sielewi anataka nini. Amekunja uso kabisa."

Hapo nikaelewa. Nilikuwa nimemwombea radhi haraka haraka, kama mtu anayesoma namba. "Mrudishie simu," nikamwambia. "Ananiambia nimekosea, nirudie."

Nikarudia. Nikasema polepole kwamba niliogopa, na kwamba benchi bila yeye sitalikalia. Nikanyamaza nikasikiliza.

Ngo. Mmoja.

Mzee mwenye kiburi yule! Nikavua miwani, maana ilikuwa hainisaidii tena, nikaanza upya mara ya tatu, nikilia barabarani mbele za watu kwa sauti. Nilikuwa tayari kurudia mpaka jioni.