Masikio ya Fundi Faraji

Mimi nina mdomo, kila mtu hapa Lushoto anajua, na mume wangu alikuwa na masikio. Ndivyo walivyokuwa wakitutania pale gereji: Sabra mdomo, Faraji masikio, nyumba hiyo haikai siri. Loo! Laiti wangejua.

Gereji yetu iko chini kidogo ya barabara ya Magamba, pale inapoanza kupanda. Mimi nina meko yangu pembeni, nauza chai na chapati kwa madereva wanaosubiri. Faraji hakuwa fundi wa kukimbilia spana. Alikuwa na mtindo wake, na mtindo huo ndio uliomletea wateja kutoka Kwai, Mlalo, mpaka Bumbuli. Anamwambia dereva panda na gari mpaka pale juu, geuza, shuka, panda tena. Yeye anasimama kando ya barabara, mkono nyuma ya sikio, macho kayafumba. Gari likishapita anafumbua macho na kutaja ugonjwa. Watu wanapiga makofi. Mgosi huyu, walikuwa wakisema, yaani mwanamume huyu kwa Kishambaa, magari yanamnong'oneza.

Ukikaa karibu na mtu wa namna hiyo miaka yote, nawe unajifunza. Gari likisaga ukikanyaga klachi na kunyamaza ukiachia, beringi ya klachi imekwisha. Likilia likiwa fri, bila gia, mguu haupo kwenye klachi, halafu ukikanyaga linanyamaza, hapo ni giaboksi. Likivuma kadiri mwendo unavyozidi, difu, lile bonge la gia lililo kati ya tairi za nyuma. Na likigonga "ko!" dereva anapoachia klachi ili aondoke, kisha likawa linalia kwi, kwi, kwi kwa kufuata mzunguko wa tairi, hizo ni krosi, vile viungo vya propela, ule mti mrefu wa chuma unaotoka kwenye giaboksi kwenda kuzungusha tairi za nyuma. Hayo nilikuwa nayajua huku nakanda unga wangu, na hakuna aliyeniuliza.

Basi, mwaka juzi wakati wa masika nikaanza kuona mambo. Namwita mara tatu ndipo ageuke. Redio anaifungulia mpaka jirani anabisha hodi. Sauti yake nayo ikapanda, akawa anaomba chumvi kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde. Nikamwambia, baba Yusuph, twende hospitali. Akanikazia macho.

"Masikio yangu mazima. Usiniletee uchuro."

Nikaelewa. Fundi aliyejulikana kwa masikio, wakijua hasikii, nani atamletea gari? Jina lake lote lilikuwa pale. Nikanyamaza. Mimi, Sabra, kunyamaza! Mtume!

Siku moja ikapita pikapu ya kubebea mbao, Faraji akafumbua macho, nikaona hana kitu. Kijasho kinamtoka, watu kimya wanamsubiri. Mguu wangu, wallahi sikuutuma, ukakanyaga chini vile mtu anavyokanyaga klachi. Akauona.

"Beringi ya klachi," akasema. Makofi.

Kuanzia hapo akifumbua macho ananitazama mimi. Ikiwa giaboksi, nakoroga chai kwa upawa huku na huku, mithili ya mtu anayetafuta gia. Ikiwa difu, najikung'uta unga makalioni. Ikiwa propela, nanyanyua mti wangu wa kusukumia chapati na kuuzungusha. Hatukukaa tukapanga, wala hatukulizungumza hata nyumbani. Tulikuwa tukilala kitanda kimoja kama watu wasiojua lolote. Mara nyingine nilicheka peke yangu, maana mwanamke mzima najikung'uta makalio mbele ya madereva ili mume wangu aonekane hodari.

Ila kwa mama yake sikucheka.

Mama mkwe wangu alikuwa Vuga, anaishi na binti yake Rahma. Alikuwa mwanamke wa sauti ndogo, na uzee uliipunguza zaidi. Kila juma alikuwa anapiga simu. Faraji akiona jina la Rahma kwenye simu ananisukumia mimi: mwambie niko chini ya gari. Nikimwambia hivyo, mama anasema, "Haya mwanangu. Mwambie sitaki kitu, nataka sauti yake tu." Siku mbili tatu baadaye, tena. Niko chini ya gari. Jamani, mtu gani anaishi chini ya gari?

Idi iliyopita tulikwenda Vuga. Mama alimkalisha Faraji karibu yake kwenye mkeka, akamshika goti, akawa anasema naye polepole kwa Kishambaa. Faraji anaitikia kwa kichwa, naam mama, naam mama. Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mchele. Nikamsikia mama akisema, "Mwanangu, sidhani kama Idi nyingine itanikuta."

Faraji akatabasamu. Akasema, "Vizuri, mama."

Mama akaliachia goti lake. Akageukia ukuta akasema amechoka. Tulipokuwa tunaondoka alinishika mkono akaniambia, mwanao wa kumzaa akipata jina mjini anaweza kukusahau mpaka kifo chako asikione kitu. Nilitaka kumwambia. Roho ilikuwa inaniwaka, neno limefika hapa kooni. Lakini halikuwa neno langu. Njia nzima mpaka Soni nilimgombeza Faraji, naye alikuwa akitazama dirishani. Hata sijui kama alijua anagombezwa.

Sasa ndio nifike siku yenyewe.

Elisante wa Kwai alikuja na pikapu yake ya kubebea kabichi. Ilikuwa inagonga na kulia. Fundi mmoja huko chini alimwambia klachi, akabadilisha klachi nzima, na mlio ukabaki palepale. Gereji ikajaa watu, maana juma lililotangulia mimi nilikwenda sokoni, nyuma yangu Faraji akataja difu kwenye gari ambalo ugonjwa wake ulikuwa mwingine kabisa. Minong'ono ilikuwa imeanza. Watu walikuja kuona kama mgosi bado yupo au amekwisha.

Asubuhi hiyohiyo Rahma alikuwa amepiga simu. Mama amezidiwa, anamtaja Faraji. Nilimvuta mume wangu nyuma ya matairi mabovu, nikamwambia usoni kabisa, midomo naichezesha ili aisome: "Mama anaumwa sana. Twende sasa hivi."

Akatazama wale watu, akamtazama Elisante.

"Nikiondoka watasema nimekimbia," akasema. "Tukimaliza hii tutakwenda."

Nikarudi kwenye meko yangu, nikasukuma chapati kwa hasira mpaka zikatoboka.

Elisante akawasha gari. Alipoachia klachi tu, ko! Nikajua. Akapanda, kwi, kwi, kwi, na mwendo ulivyokolea ndivyo kwi ilivyokolea. Faraji amesimama kando ya barabara, mkono nyuma ya sikio, macho kayafumba, na kijitabasamu kile alichokuwa nacho tangu ujana. Pikapu ikageuza kule juu ikaanza kushuka. Nikachukua mti wa kusukumia chapati, nikawa tayari.

Simu ikalia. Rahma. Hakunisalimia.

"Wifi, mama ametutoka."

Mti ulinidondoka mkononi. Nilipiga yowe, yowe ambalo sijawahi kupiga hata siku ninamzaa Yusuph. Mikono ikaenda kichwani. Wanaume wote waliokaa kwenye benchi wakasimama, kikombe cha mtu kikavunjika, mwanamke wa duka la ng'ambo akatoka mbio. Elisante alinisikia ndani ya gari linalonguruma, akafunga breki katikati ya barabara.

Na Faraji amesimama. Macho yamefumbwa, mkono uko sikioni, anatabasamu, anasikiliza.

Watu walinitazama mimi, wakamtazama yeye, wakanitazama tena mimi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mkewe analia msiba hatua chache kutoka alipo, naye anasikiliza gari lililokwisha kusimama.

Akafumbua macho. Akanitafuta kama kawaida. Akaona mikono yangu kichwani, akakunja uso, maana alama ya mikono kichwani hatukuwa nayo. Akasema kwa ile sauti yake kubwa, mbele ya watu wote:

"Mbona hunionyeshi?"

Ndio hivyo. Siri ya miaka miwili aliitoa mwenyewe, na hakujua kwamba ameitoa.

Mimi nilikuwa nahangaika na jambo jingine. Nitamwambiaje? Nilikuwa na alama ya klachi, nilikuwa na alama ya giaboksi, na propela, na difu. Miaka miwili ya kuonyeshana, na zote zilikuwa za magari. Ya kwetu hatukuwa nayo hata moja. Nikamwendea, nikamshika uso kwa mikono yangu yenye unga, nikasema, "Mama." Nikamwonyesha upande wa Vuga. Akatazama huko, akarudi kunitazama, nikajua ameelewa.

Elisante, Mungu ambariki, akasema, "Mama Yusuph, pandeni, nawapeleka."

"Hutupeleki popote na gari hili!" nikamfokea. "Hiyo ni krosi ya propela. Ikikatika kwenye kona za Soni utatuzika wote. Kanunue nyingine."

Ilikuwa mara ya kwanza kutamka ugonjwa kwa mdomo wangu. Hakuna aliyepiga makofi.

Elisante alipokuwa dukani, watu wakaniambia tuchukue gari jingine. Lakini Faraji alikuwa amekwisha kuingia chini ya pikapu. Alinyoosha mkono akaishika propela, akaitikisa mara moja tu, akaona inavyocheza. Akaanza kufungua. Wallahi nilisimama pale nikamwonea huruma na nikataka kumpiga vilevile. Kumbe mkono ulitosha! Miaka yote miwili angeweza kuitikisa kwa mkono kama mafundi wengine, akasema jamani siku hizi sisikii vizuri, ngoja nilale chini nishike. Gari zingetengenezwa. Na mama angejua.

Hakutaka kusaidiwa. Alifunga krosi mpya peke yake. Niliinama nimwambie watu wa Vuga wanasubiri, nikaona machozi yanamtiririkia masikioni, yamechanganyika na grisi. Nikainuka nikamwacha amalizie. Hapo chini ya gari ndipo pekee alipoweza kulia bila kutazamwa.

Tulishuka mpaka Soni, tukapanda Vuga. Pikapu ilikuwa kimya kabisa. Hakuna ko, hakuna kwi.

Mama alizikwa baada ya alasiri. Sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo nilibaki uani na Rahma na wengine, nikawaona wanaume wanaondoka na jeneza. Faraji alikuwa mbele, ndiye mtoto mkubwa. Nilifikiri, huko nani atamwonyesha? Atajuaje imamu amefika wapi? Atasimama pale katikati ya watu kama alivyosimama barabarani asubuhi, na mimi sipo.

Baada ya muda tukasikia mtu anapiga kelele kule makaburini. Wanawake wakashtuka. Rahma akasema, "Wanagombana nini na maiti bado mbichi?" Mimi niliijua sauti ile, ila sikuyashika maneno.

Waliporudi, Elisante alikuja mpaka mlango wa uani akaniita. Yeye ni Mlutheri, alikuwa amesimama nyuma na majirani wengine, lakini ni Mshambaa na aliona na kusikia kila kitu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama Yusuph," akasema, "imamu alipoinua mikono aombe dua, fundi alimsimamisha. Akasema, subirini. Akasema, mimi sisikii, ni mwaka wa pili huu, dua ikiisha mtu aniguse bega nimwitikie mama yangu."

Nikaegemea ukuta.

"Halafu akaligeukia kaburi," Elisante akaendelea. "Akasema na mama yake kwa Kishambaa, kwa sauti kubwa sana. Akasema, mama, haikuwa jeuri. Nilikuwa sikusikii. Kila uliponiita nilikuwa sikusikii."

"Wakamgusa?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo kwanza.

"Walimgusa. Imamu alipomaliza, wote tukaitikia amina, na mzee aliyekuwa karibu naye akamgusa bega. Lakini ile kumgusa ilichelewa kidogo, mama. Sisi tulikuwa tumeshamaliza, watu wameanza kushusha mikono. Yeye ndipo akasema amina, peke yake."