Kifungueni Kwanza

Kinanda cha kanisa kilipoanza kuzimika katikati ya nyimbo, waumini walikifanyia kila kitu isipokuwa kukifungua. Walikichomeka ukuta mwingine. Walikisogeza mbali na madirisha, labda ni baridi ya mtaa ule wa Laeken. Papa Kabamba, mwenyekiti wa kamati, alikipeleka dukani, na fundi wa huko, bila hata kukigeuza, akasema kifaa cha umri ule hakitengenezwi, kinunuliwe kingine. Mwishowe Maman Rolande, kiongozi wa waombaji, alikiwekea mikono na kukiombea mpaka sauti ikamkauka. Kikaimba kidogo. Kisha kikawa kibaya kuliko mwanzo: hata kilipowaka, vitufe vya katikati vilikuwa bubu.

Kamati ikaamua kitupwe. Hapo Larissa akasimama.

Alikuwa na diploma mpya ya elektroniki na hakuwa na kazi bado. Chini ya kitanda chake, mtaani Saint-Gilles, kulikuwa na redio, feni, simu zenye vioo vilivyopasuka, na mashine ya kahawa aliyoiokota kando ya njia siku ya takataka. Aliamini kwamba hakuna chombo kilichokufa mpaka mtu akitazame ndani, na aliliamini hilo kwa moyo wote, kama wengine wanavyoamini ubatizo. Shida yake ilikuwa mahali. Mwenye nyumba alimkataza kulehemu kwa sababu ya moshi. Kwa muda mrefu alikuwa akikitamani chumba cha nyuma ya ukumbi wa kanisa, kile kilichojaa viti vibovu, aweke meza kila Jumamosi, watu walete vyombo vyao na wajifunze kuvifungua kwa mikono yao wenyewe.

"Papa Kabamba, munatupa kintu hakuna hata muntu moja alikifungua?"

"Ma fille, spécialiste alisema kimekufa."

"Spécialiste hakutosha hata vis moja, hakugusa hata skrubu. Mukifungue kwanza. Munipatie mpaka dimanche."

"Docteur Larissa!" mtu akaita kutoka nyuma. "Atakipiga sindano!"

Ukumbi ukacheka. Papa Kabamba hakucheka. Alikuwa mtu wa kupenda masharti.

"Bon. Tusikilizane mbele ya bantu. Kikiimba dimanche, chambre ya nyuma iko yako, kila samedi. Kikikataa, unaenda kukitupa weye mwenyewe, na sitaki tena kusikia makorokoro yako mu nyumba ya Mungu."

"Sawa, papa."

"Unakubali mbio-mbio hivi?"

"Nakubali."

Walikibeba kwa tramu, yeye na Éliézer, mpiga kinanda, kikiwa kimefungwa ndani ya kikwembe, kitenge cha zamani. Abiria waliwapisha kwa heshima kubwa.

"Larissa, banatuangalia kama tunabeba maiti."

"Nyamaza, weye beba miguu."

Chumbani Larissa alitandaza taulo, akakilaza kinanda kifudifudi na kuanza kutoa skrubu, akizipanga ndani ya sahani kwa mpangilio wa mahali zilipotoka. Kosa la kwanza halikumtesa. Kila Jumapili baada ya ibada, kinanda kilirudishwa kabatini kwa haraka, na mtu yeyote aliyekuwa karibu aliung'oa waya kwa kuuvuta. Mahali pale waya unapoingilia, risasi ya kulehemu iliyoushika ilikuwa imepasuka. Alifungua dirisha, akapasha moto kifaa chake cha kulehemu na kuziba ule ufa. Mwenye nyumba na aseme atakayosema.

Kinanda kikawaka na hakikuzimika tena hata alipoutikisa waya. Lakini vitufe vya katikati viliendelea kukaa kimya. Akaving'oa kimoja kimoja. Chini yake, kwenye vile vipira vyeusi ambavyo hugusa bodi ili sauti itoke, kulikuwa na kitu cha manjano, kizito, kilichonasa vumbi. Alikigusa, akakinusa.

"Éliézer, nusa."

Éliézer akainama. Akanusa. Kisha akaanza kutikisika kwa kicheko.

"Mafuta ya olive! Ile siku ya maombi, Maman Rolande alimwanga karibu chupa nzima."

"Nani anamwangia mashini mafuta?"

"Unatujua, non? Tunamwanga ku moteur ya gari, tunamwanga ku passeport. Yangu iko na doa mpaka leo, ku police ya aéroport baliniuliza."

Larissa naye alicheka, kisha kicheko kikakatika. Maman Rolande ndiye aliyempokea siku ya kwanza alipoingia kanisa lile bila kumjua mtu, akamkalisha karibu naye na kumfunika miguu kwa shali yake. Akachukua spiriti na pamba, akasafisha kila kipira, taratibu, kama anayemwosha mtoto macho. Vilipokauka, akavirudisha. Éliézer akaweka vidole, na wimbo wa kwaya ukatoka wote, hakuna sauti iliyokosekana.

Jumapili, kabla ya ibada, Papa Kabamba alikijaribu mwenyewe kwa kidole kimoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akaitikia kwa kichwa, kwa furaha. Kisha akamvuta Larissa pembeni.

"Leo utatoa témoignage, ushuhuda. Utasema: tuliomba, Mungu akakiponya. Basi, unakaa chini."

"Na mafuta, papa? Éliézer alikuambia."

"Mafuta usiguse. Maman Rolande iko mukubwa. Sema muujiza, unapata clé yako, kila muntu anafurahi."

Larissa alirudi kwenye kiti chake. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa koti la Papa Kabamba. Alikuwa ameusikia ukilia. Neno moja tu lilitakiwa. Lakini akiita muujiza, kesho watamwagia mafuta birika, keshokutwa televisheni, na yeye atakaa ndani ya chumba chake akifundisha watu kufungua vitu, baada ya kuwafungia ukweli. Alitaka kwenda kumwambia Maman Rolande kwanza, wawili peke yao, ila mama yule alikuwa tayari amepiga magoti mbele, amefumba macho.

Akaitwa. Akasimama mbele ya watu wote.

"Kinanda hakikuponywa," alisema. "Kilifunguliwa. Waya ulilegea kwa sababu tunauvuta vibaya, sote. Na ndani kulichafuka. Nilisafisha kwa mikono ambayo Mungu alinipa. Ninamshukuru kwa hiyo mikono."

Alikuwa akigeuka aende kukaa.

"Kulichafuka na nini, mwanangu?" Ni Maman Rolande, kwa upole, kwa kutaka kujua kweli.

Larissa alimtazama. Angeweza kusema vumbi.

"Na mafuta, maman."

Ukumbi mzima ulijua chupa ni ya nani. Mtu akakohoa ili kuficha kicheko. Maman Rolande akakaa, akavuta kitambaa chake cha kichwa mpaka kwenye nyusi.

Baada ya ibada Papa Kabamba alimngojea mlangoni.

"Chambre, usahau."

"Tulisikilizana, papa. Ulisema kikiimba."

"Kimeimba. Na weye pia umeimba."

Hakubishana. Alimfuata Maman Rolande hadi kituo cha tramu.

"Maman, naomba samahani kwa aibu uliyoipata. Kwa neno nililosema, siombi samahani."

Maman Rolande aliitazama njia. Tramu ikaja, akapanda.

Jumamosi Larissa alibeba meza ya kukunja kutoka Saint-Gilles, akaikunjua kwenye njia ya miguu kando ya barabara, hatua chache kutoka mlango wa kanisa. Akapanga bisibisi zake, akasimama nyuma ya meza. Watu walipita. Wengine waliokuwa wakienda mazoezi ya kwaya walimsalimu kwa macho tu na kuingia. Mikono ilimganda kwa baridi, akaiweka kwapani, akabaki.

Karibu na mchana alitokea mwanamke aliyebeba birika la umeme kifuani. Maman Rolande. Akalitua mezani kwa kishindo.

"Weye njo mutoto ulinihaibisha mbele ya bantu."

"Ndiyo, maman."

"Hii haichemshe tena. Nionyeshe ndani. Miye mwenyewe nataka kuona."

Larissa alimpa bisibisi mkononi na kumwonyesha skrubu ya kwanza. Walikuwa wamefika kwenye ya tatu Papa Kabamba alipotoka nje.

"Nani alikupatia ruhusa?"

"Trottoir haiko ya église, papa."

"Chambre hautaipata."

"Siiombe tena."

"Kabamba," alisema Maman Rolande bila kuinua kichwa, "unatufungia mwangaza."

Papa Kabamba alisogea pembeni, kisha akarudi ndani. Mvua ikaanza kudondoka. Maman Rolande akafungua mwavuli wake, akaushika juu ya birika lililo wazi, huku Larissa akilowa.

"Endelea," alisema. "Hii kidogo hapa, nayo inafanya kazi gani?"