Upande Aliopangiwa Redio

Jina la Redio alipewa akiwa bado anavaa kaptura, kwa sababu ukishamwasha hakuna aliyejua swichi ya kumzimia iko wapi. Alilelewa na mama yake mkubwa, fundi wa cherehani, kwenye kibaraza chenye mashine moja, meza ya kukatia na benchi la wateja. Mama yake mzazi, mdogo wake fundi, alifariki mapema, na baba yake alikwenda kutafuta kazi mbali akapotelea hukohuko. Basi mtoto akawa wa kibaraza. Kusoma alijifunzia kwenye magazeti yaliyofungiwa nguo, na kubishana alijifunzia kwa wateja waliokuja kulalamika kwamba suruali imebana. Fundi alimwacha awajibu yeye. Mteja alikuja amefura kwa hasira, akaondoka anaamini kabisa kwamba ni yeye aliyenenepa.

Siku za Jumamosi vijana wa mtaa walikuwa na mdahalo kwenye ukumbi wa shule. Utaratibu wao ulikuwa wa vikaratasi ndani ya kofia, kimoja cha kuunga mkono na kingine cha kupinga. Utakachookota ndicho chako, upende usipende. Redio akiokota kuunga mkono, watu walitoka pale wanaunga mkono. Jumamosi nyingine akiokota kupinga jambo lilelile, walewale waliompigia makofi walimpigia tena, wakishika mbavu kwa kicheko. Walisema huyu anaweza kukuuzia viatu ulivyovaa, na ukamshukuru kwa kukupunguzia bei. Walisema hivyo kwa kumsifu. Hakuna aliyejiuliza, hata fundi mwenyewe, kama kijana huyo ana upande wa kwake anaorudi nao nyumbani.

Fundi alikuwa na binti mmoja, na Redio alimwita dada kama waliotoka tumbo moja. Uchungu wa kujifungua ulimshika binti huyo mchana wa jua kali. Redio, wakati huo kijana wa kuota ndevu, aliazima mkokoteni wa muuza maji, wakamlaza dada yake juu ya mito, wakaenda mbio mpaka zahanati ya mtaa. Mlango ulikuwa na kufuli. Mkunga alikuwa amehamishiwa mjini, na hakuna aliyeletwa mahali pake. Redio aliugonga mlango ule mpaka vifundo vya vidole vikachubuka, akiita watu wasiokuwemo. Fundi ndiye aliyemwambia aache, washike njia ya hospitali kubwa. Wakasukuma, huyu mbele huyu nyuma. Mtoto alizaliwa njiani, akalia vizuri tu. Mama yake hakufika.

Baada ya mazishi Redio hakukaa akalia. Alianza kusema. Alisema sokoni, alisema kisimani, alisema kwenye foleni ya kinyozi, mpaka watu wakawa wanampisha kabla hajafungua mdomo. Aliwachangisha mawe na mchanga, akachanganya zege kwa mikono yake, na kando ya zahanati kikajengwa chumba cha kujifungulia chenye vitanda na bomba la maji. Kisha akaenda ofisi moja baada ya nyingine kudai mkunga, akifukuzwa huku akirudi kule, mpaka mkunga akaletwa. Chumba hicho ndicho kilichompeleka kwenye Baraza la Mkoa. Wakati wa kampeni wenzake walibandika picha zao kwenye kuta. Yeye aliwaonyesha watu watoto waliozaliwa chumbani humo, wakicheza uani.

Fundi alimshonea koti la kula kiapo. Alimwachia kitambaa cha kutosha ndani ya mishono, maana alisema hajapata kuona mjumbe aliyekonda baada ya kuchaguliwa. Na kweli, mara mbili alilifumua akaliachia.

Tangu hapo ukawepo utaratibu mtaani, na Redio mwenyewe ndiye aliyeuweka. Kwenye mkutano wowote wa kwao hakusema mpaka mama yake mkubwa asimame, aeleze huyu ni nani na ametoka wapi, halafu amwambie, "Karibu, mwanangu." Alisema hiyo ndiyo heshima ya aliyemlea. Watu walipenda.

Miaka ilikwenda. Yule mtoto wa njiani alikua, akaolewa, na sasa yeye mwenyewe alikuwa mjamzito, anatembea huku ameshika kiuno. Aliishi kwa bibi yake kwa sababu mumewe alikuwa kazini mbali. Ndipo ikasikika kwamba Baraza litajadili hoja ya kufunga vyumba vidogo vya kujifungulia na kuwahamishia wakunga wote hospitali kubwa ya mjini. Mtaa mzima haukushtuka sana. Walisema, tuna Redio.

Redio alikuja akaketi kwenye benchi la wateja, akavua viatu kama zamani. Alizunguka sana kabla ya kufika. Mwisho alisema anaomba ruhusa ya kumtaja dada yake barazani. Fundi alisimamisha cherehani. Miaka yote hiyo hakuwa amemruhusu mtu kuisimulia habari ile kwenye umati, hata wakati wa kampeni. Ilikuwa ya nyumbani, na ya nyumbani ilikaa nyumbani. Lakini alimtazama mjukuu wake aliyekuwa akianua nguo uani, akalitazama tumbo lile, akakubali. Alimwambia asiseme mengi, aseme yaliyotokea tu. Redio alimshika mikono yote miwili. Akawaalika waje wasikilize.

Siku ya mjadala fundi na mjukuu wake waliketi kwenye roshani ya wageni. Askari wa mlangoni alikuwa amewapa masharti: mgeni hasemi, mgeni hapigi makofi, mgeni hasimami ila akitajwa. Chini, wajumbe walikuwa wamejaa kwenye viti vya ngozi. Redio alikuwa amevaa koti lake lilelile la kiapo, ingawa siku hizi alikuwa na mengine mazuri zaidi, na fundi alipouona mshono wa bega alilainika moyo.

Alipopewa nafasi, Redio aliomba wageni wake watambuliwe. Wakasimama. Wajumbe wakagonga meza kwa furaha, wengine wakawapungia mikono, na fundi akainamisha kichwa kwa haya. Alivishwa kilemba cha ukoka, na yeye akakipokea akidhani ni kilemba cha kweli.

Kisha Redio akasema, kwa sauti ile ya chini aliyokuwa akianzia kwenye midahalo ya Jumamosi.

"Mheshimiwa Spika, mkokoteni ule niliusukuma mimi. Dada yangu alipoteza muda kwenye mlango wa zahanati ndogo. Angepelekwa hospitali kubwa moja kwa moja, leo angekuwa amekaa pale juu, kati ya mama yake na mwanawe."

Fundi hakushtuka bado. Aliijua mbinu hiyo tangu enzi za kofia: kwanza unajenga nyumba ya mpinzani wako, unaipaka na rangi, halafu unasema "lakini" na kuibomoa yote. Alikaa akiisubiri hiyo "lakini". Redio alieleza vifaa vya hospitali kubwa, akaeleza madaktari, akaeleza magari ya wagonjwa yatakayonunuliwa. Fundi alisogea ukingoni mwa kiti. Kufuli lile litatajwa sasa, alijiambia. Sasa hivi.

"Kwa ajili ya dada yangu," alisema Redio, "naunga mkono hoja."

Meza ziligongwa tena, kwa nguvu kuliko mwanzo. Mjukuu alimgeukia bibi yake akamwuliza kwa kunong'ona kama amesikia vibaya. Fundi alikuwa ameshika nguzo ya roshani kama mtu aliye kwenye gari bovu. Hoja ikapita.

Nje kwenye ukumbi wa kupitia, askari yuleyule wa masharti alimpongeza, akamwambia hotuba ya mwanawe imewatoa watu machozi. Fundi akasema asante. Redio akatokea, anafuta jasho.

"Nilipangiwa upande, Mama mkubwa."

"Na nani? Kofia aliishika nani?"

Alieleza haraka haraka, macho yakiwa kwenye viatu. Ni chama kilichoamua. Angekataa angetolewa kwenye kamati ya afya, na akitolewa, hata lile gari la wagonjwa mtaa usingelipata. Yote hayo alikuwa ameyajua tangu siku ya benchi.

"Na kufuli umeliweka wapi?" fundi akamwuliza.

"Sikusema uongo hata neno moja."

"Najua. Nilikuwa nasikiliza."

Redio alitaka kumshika mikono kama siku ile. Fundi alikuwa amekwishamshika mjukuu wake, na wakaenda kituo cha basi.

Mkunga alifungasha vyake wiki chache baadaye. Redio akaitisha mkutano uani pa zahanati kuwaelewesha wananchi, akatuma ujumbe kwa upole kwamba utaratibu ni uleule. Majirani walidhani fundi hatakwenda. Alikwenda. Alivaa vizuri, akasimama mbele, akasema kama alivyosema siku zote: huyu ni mtoto wa mdogo wangu, amekulia kwenye kibaraza changu, alichanganya zege la chumba hiki kwa mikono yake, alifukuzwa maofisini kwa ajili yenu. Watu wakaitikia. Redio akatabasamu, akanyanyuka nusu kutoka kitini.

"Na siku ya dada yake," fundi akaendelea, "tulipofika mlango ule pale, ulikuwa na kufuli. Aliugonga mpaka vidole vikatoka damu. Hilo hakuwaambia barazani, ndiyo maana nawaambia mimi."

Akaenda kuketi. Hakusema karibu.

Redio alibaki nusu amesimama nusu amekaa, kipaza sauti mkononi. Watu walimtazama yeye, wakamtazama fundi. Fundi alikuwa amefumba mikono mapajani, anatazama mlango wa chumba cha kujifungulia, ambao ulikuwa umeshafungwa kwa kufuli jipya, bado linang'aa.

Mjukuu wake alimgusa bega. Chumba cha kupanga walikwishapata mjini, nyuma ya hospitali kubwa, wakae hapo mpaka uchungu utakapokuja, na mizigo ilikuwa bado haijafungwa. Wakainuka, wakapita katikati ya watu polepole kwa sababu ya tumbo.

Walipofika kwenye kona waliisikia sauti ya Redio. Alikuwa ameanza bila kukaribishwa. Alianza chini, kama kawaida yake, akapanda kidogo, akatia kichekesho. Mtu mmoja akacheka. Kisha wakacheka wengi.

Fundi aliijua sauti ile kuliko mtu yeyote. Akamwambia mjukuu wake aongeze mwendo kidogo, kama anaweza.