Upande wa Kulia

Basma aliamka asubuhi moja, siku chache baada ya Idi, akakuta nusu ya chumba haipo. Alidhani mto umembana jicho. Akalifikicha, akanawa, akarudi kusimama dirishani. Alipofumba jicho la kushoto, dirisha na ukuta wa jirani vilizama katika rangi ya maji ya mchele. Alipolifumbua, vikarudi. Mumewe, Masoud, alikuwa anafunga saa mkononi atoke kwenda skuli anakofundisha, akamuuliza mbona amesimama vile. Akamwambia anaangalia kama mvua itanyesha.

Ule ndio uongo wa mwanzo, na mingine ikaufuata. Daktari wa macho alimweleza taratibu kwamba mshipa mdogo unaopeleka damu kwenye jicho la kulia umeziba, na kilichokwisha kufa humo hakitafufuka. La kushoto ni zima. Alilinde, na presha aiangalie. Skuta yake aiweke kando, kwa sababu mtu aliyepotewa na upande mmoja huwa hajajua bado ni kiasi gani kimempotea. Chombo cha mwendo mdogo angalau kitampa nafasi ya kugeuza shingo. Basma aliitikia kila neno, akaaga, na pale mlangoni akagongana na mwanamke aliyekuwa akiingia kutoka kulia. Yule mwanamke alimtaka radhi. Basma hakumwona kabisa mpaka walipogusana.

Angeweza kumwambia Masoud siku ile ile. Lakini mama yake Masoud alimaliza umri wake gizani, katika chumba cha nyuma, na Masoud ndiye aliyekuwa akimlisha na kumshika mkono kwenda chooni. Mara moja tu katika ndoa yao aliwahi kuligusia jambo hilo, akasema kwamba mtihani ule ukimjia tena hatauweza. Basma aliyashika maneno hayo. Kila alipotaka kusema aliyasikia, na kinywa kikafunga. Basi alisema mgongo unamuuma, skuta inamtikisa, akampa mdogo wake Shadya aitumie.

Kwa muda alikwenda kazini kwa gari ya abiria, kisha kwa miguu kutoka Darajani hadi Mkunazini, kwenye karakana ya Bi Radhiya, ambako yeye alikuwa mkataji wa sare na kanzu. Kutembea kulimtisha kuliko alivyotarajia. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe vespa huchomoza kwenye kona bila habari, mahamali husukuma mikokoteni wakiomba njia, na kwake kila kitu cha upande ule kilikuwa kimeshafika ndipo akakijua. Akazoea kutembea akiupangusa ukuta kwa bega la kulia, ili pasiwe na nafasi ya kitu kumjia. Buibui lake likachakaa begani. Karakanani akawa anatafuta ukingo wa meza kwa vidole kabla ya kushika mkasi, na kila alipofanya hivyo aliuona mwisho wake: kwanza skuta, kisha njia, kisha mkasi, kisha chumba cha nyuma. Alitaka kitu kimoja kibaki mikononi mwake, kiende anakotaka yeye na kwa mwendo anaouweza. Ndipo akaenda kutafuta baiskeli.

Ubwa alikuwa fundi wa baiskeli Mwanakwerekwe, mtu wa makamo, na yadi yake ilijaa baiskeli zilizotumika zinazoshushwa kwa makontena. Kwanza alimtolea moja ya alumini, nyepesi, yenye matairi membamba na usukani ulioinama. Basma aliipanda akazunguka nayo uwanja. Usukani ulimvuta chini hata akawa haoni ila tairi la mbele na kipande cha ardhi. Alipogeuza shingo atazame kulia, bega likafuata, na baiskeli nayo ikafuata bega. Kitu kikanguruma karibu yake. Ilikuwa pikipiki tu inayoingia yadini polepole, lakini alishuka upesi, akaisukuma ile baiskeli mbali naye kama kitu kilichomuuma.

"Unataka ya mbio, au ya kwendea kazini?" Ubwa alimuuliza.

"Nnataka ya kukaa nikaona mbele."

Akamletea ya chuma. Ilikuwa ya kijani kilichopauka, nzito, bomba lake la juu limeshuka chini kiasi kwamba mwenye buibui anaweza kupitisha mguu bila kuunyanyua. Ubwa aliigonga kwa kifundo cha kidole, ikalia kama sufuria. Alimweleza kwamba chuma kina uzito wake, lakini kinaumeza mtikisiko kabla haujafika mgongoni. Na kikipinda, mchomaji yeyote atakinyoosha. Basma hakuwa na habari na mgongo. Alichokipenda ni kwamba akiogopa, mguu wake utafika chini mara moja.

Kazi ya kuitengeneza ilichukua Jumamosi kadhaa. Ubwa aliuondoa usukani akaweka uliorudi nyuma kama pembe za ng'ombe, Basma akakaa wima kama aliye kwenye kiti. Akaweka tandiko pana lenye springi, akalishusha, akalipandisha kidogo, akalisogeza mbele. Akatia matairi manene kwa ajili ya mawe ya mjini, akaufunika mnyororo kwa bati, na gurudumu la nyuma akalizungushia wavu ili buibui lisivutwe ndani. Basma aliyakubali yote. Lakini ilipofika zamu ya kioo cha nyuma walishindwa kuelewana. Ubwa alitaka kukifunga kulia, kwa kuwa gari humpita mtu kwa upande huo. Basma akataka kifungwe kushoto. Ubwa akasema kushoto ataona majani na kuku tu. Basma akashikilia hivyo hivyo, bila kutoa sababu.

Ubwa akaendelea kukaza nati, akamnyooshea spana kwa upande wa kulia amshikie. Mkono ulibaki hewani. Basma alikuwa ametazama mbele, anangoja. Ubwa akaisogeza spana taratibu mpaka ikavuka pua yake, ndipo Basma akashtuka na kuipokea.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "jicho hili halioni, siyo?"

Basma alihisi kama amevuliwa ushungi mbele za watu. Alitazama huku na huku kuona kama kuna aliyesikia, na kutazama kwenyewe kukampa jibu Ubwa. Akamwomba asimwambie mtu, maana Mwanakwerekwe hapakosi anayemjua mumewe. Ubwa akasema yeye ni fundi wa baiskeli, habari za watu hazitengenezi. Kisha akakaa akafikiri. Akakata kipande cha bomba jembamba, akakichomea kwenye shingo ya usukani, akakiweka kioo katikati, kimeegemea jicho la kushoto lakini kikitazama nyuma kulia. Mara ya kwanza mkono ule wa bomba ulikuwa mrefu mno na dunia yote ilitetemeka ndani ya kioo. Akaufupisha, akatia mpira. Kwenye barabara nzuri kikatulia. Kwenye mashimo, alimwambia waziwazi, asikitegemee.

Masoud aliiona ile baiskeli imesimamishwa barazani kwao Chukwani, akaizunguka, akasema ni nzuri kwa mazoezi. Macho yake yalikaa kwenye kioo muda mrefu. Hakuuliza.

Asubuhi ya kwanza Basma alitoka mapema. Hadi Kiembesamaki mambo yalikwenda. Aliona gari kiooni zikiwa ndogo, zikikua, kisha zikipotea, na hapo pa kupotea ndipo pumzi yake iliposimama kila mara, kwa sababu baina ya kioo na mbele ya pua yake palikuwa na shimo ambamo gari nzima huzama. Alizihesabu kwa masikio. Mngurumo, upepo, halafu taa za nyuma zikitokea mbele yake. Alijisemea ni hivyo tu, itazoeleka. Mikono ilikuwa imeukamata usukani hata vidole vikafa ganzi.

Kabla ya kufika Mazizini lami ilikuwa imechimbika. Kioo kikaanza kutetemeka, na ndani yake akaona kitu chekundu kisicho na umbo. Honi ikapigwa nyuma yake, kubwa, ikapigwa tena. Lilikuwa lori la mchanga. Alijua kwa harufu ya dizeli na kwa jinsi ardhi ilivyomtetemesha miguu, lakini halikupita. Lilimfuata. Kushoto kwake palikuwa na mtaro, kulia hapakuwa na kitu, na ndani ya kile kisicho kitu palikuwa na magurudumu yaliyompita kwa urefu. Joto lake lilimpiga shavuni. Akataka kugeuza shingo, shingo ikakataa. Alibana breki, mguu ukafika chini, na wakati huo huo lori likampita kwa kishindo, turubai lake halikufungwa, likammwagia mchanga usoni.

Jicho la kushoto likafunga lenyewe.

Akalifumbua kwa nguvu. Likaungua, likafunga tena. Lile la kulia lilikuwa wazi, lakini lilimwonyesha maji yale yale ya mchele. Basma alisimama ameishika baiskeli kwa mikono miwili, hajui mtaro uko hatua gani, hajui hata uso wake umeelekea wapi, maana mchanga ulipompiga aligeuka. Gari zilipita. Moja ilipita karibu hata buibui likavutika. Alitaka kusogea, asijue ni wapi pa kusogea. Simu ilikuwa mkobani, na simu yenyewe ni kioo kitupu, haina hata kitufe cha kupapasa. Akaja kutambua kwamba hajapata kuita mtu amsaidie tangu utoto wake. Akaita. Sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo, akaita tena.

"Usitembee," sauti ya mwanamke ikamjibu. "Simama hapo hapo mwanangu, nnakuja."

Mkono mkavu ulimshika kwenye kiwiko ukamvuta. Alikuwa ni bibi mmoja wa pale jirani, Bi Mwanakheri, aliyekuwa akifagia mbele ya nyumba yake. Alimkalisha kwenye kizingiti, akaleta birika la maji, akamwinamisha kichwa na kuanza kumsafisha jicho bila haraka. Mchanga ulitoka, lakini jicho lilikuwa jekundu na lilikataa mwanga. Bi Mwanakheri akamwuliza kama la pili lina afueni, atazamie nalo njia.

"La pili halioni, bibi," Basma akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyatamka.

Bi Mwanakheri hakusema pole nyingi. Aliuliza ana nani, akaichukua simu, akampa mtoto wa kike wa nyumbani mwake alitafute jina la Masoud. Masoud hakuwa mbali. Skuli yake iko njia ile ile. Alipofika, Basma alimjua kwa namna alivyovua viatu mlangoni, kimoja kikianguka kabla ya kingine. Jicho lilikuwa limeanza kupokea mwanga, akamwona kama aliye nyuma ya kioo chenye mvua. Alimsalimu mwenye nyumba, shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akachuchumaa mbele ya mkewe.

Basma alimwambia yote bila kupanga, kuanzia asubuhi ya dirisha mpaka uongo wa mgongo. Masoud alisikiliza akitazama sakafu. Basma alipomaliza, aliliogopa jibu la mumewe kuliko alivyoliogopa lori.

"Nilijua kuna kitu," Masoud alisema mwishowe. "Unamimina chai nje ya kikombe tangu Idi. Nilidhani ni ugonjwa wa kichwani, ule mbaya. Kila siku najiambia leo nitamuuliza, nikiingia ndani siwezi."

"Mbona hukuuliza?"

"Mbona hukusema?"

Basma akamkumbusha maneno yake kuhusu mama, kwamba mtihani ule ukimjia tena hatauweza. Masoud alinyanyua uso. Alionekana mtu aliyekasirika, lakini hakukasirika naye.

"Nilisema hivyo kwa kuchoka, Basma. Hata ile mara ya kwanza nilisema siwezi. Na nilimlisha mpaka siku ya mwisho."

Walikwenda kwa daktari pamoja mchana ule. Uso wa jicho ulikuwa umechubuka kidogo tu, akapewa dawa ya matone na kuambiwa asitoke barabarani tena bila miwani ya kuzuia vumbi. Masoud aliuliza maswali ambayo Basma hakuwahi kuthubutu kuyauliza, likiwemo lile kubwa: na hili la kushoto, je? Daktari alisema hawezi kuahidi. Lipo, linaona, litapimwa. Hakuna zaidi ya hapo. Basma alilisikia jibu lile akiwa amekaa karibu na mtu, na bado lilimpitia moyoni kama maji ya baridi.

Masoud hakutaka aipande tena baiskeli. Walibishana juu yake siku kadhaa, kwa upole kwanza, kisha kwa sauti. Mwisho wakakubaliana ashike njia za ndani za Mbweni, ambako malori hayapiti, hata kama ni mzunguko, na akifika mjini aisukume kwa mkono wa kulia, baiskeli iwe ukuta baina yake na kichochoro. Bi Radhiya naye akaambiwa, na meza ya kukatia ikageuzwa ili mlango uwe kushoto kwake. Hakumfukuza kazi. Alishangaa tu kwamba sare zilikuwa zikitoka sawa muda wote ule.

Hofu haikuondoka. Ziko asubuhi ambazo Basma huifikisha baiskeli mpaka kwenye njia, akasimama, akairudisha barazani, na siku hiyo akaenda kwa gari. Hajioni kama ameshindwa, wala hajisifu siku anazokwenda. Wiki iliyopita alifika pale njia ya ndani inapokutana na barabara kubwa, mahali asipoweza kupakwepa. Aligeuza shingo mpaka kidevu kikagusa bega. Akangoja lori lipite, na gari mbili, na pikipiki iliyobeba magunia. Barabara ikawa tupu kwa kadiri alivyoweza kuona. Akatazama tena, mara hii kwa muda mrefu zaidi, akaweka mguu juu ya pedeli, akaingia.